MKOPO WA RAFIKI NAO NI MKOPO

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi mjini Makambako. Tunayachapa kwa kuombwa na wale waliokosa nafasi ya kukaa ndani wakasikilizia madirishani.



Tumeombwa tuseme juu ya mikopo. Hatusemi mikopo ya dukani, wala ya chama cha kuweka na kukopa, ingawa hiyo nayo ina habari zake na wengine humu ndani wanatuangalia kwa wasiwasi. Tunasema juu ya fedha ambazo Serikali inakopa nje kwa jina letu, na hasa fedha zinazotoka katika nchi ambazo jana tu zilikuwa maskini kama sisi na leo zimeinuka: China, India, Uturuki, Brazil na wenzao.

Kuna ndugu mmoja alituuliza pale mlangoni, “Shauri la mikopo ya mataifa linamhusu nini mtu wa viazi na mahindi?” Tulimjibu kwa swali. Ukinunua sabuni, ukinunua mafuta ya taa, ukilipa nauli, je, hukatwi kodi? Basi deni la Serikali linalipwa na sabuni yako. Anayelipa ana haki ya kujua analipa nini, kwa nani, na mpaka lini.

Tena hapa Makambako ndipo mahali pa kulisema jambo hili. Mji huu umekaa pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Barabara ile ilijengwa kwa fedha za Wamarekani, za Benki ya Dunia na za wengine. Reli ilijengwa kwa fedha za Wachina. Mtu akisimama njia panda anaona mikopo ya pande mbili za dunia bila kugeuza shingo sana.

Tuanze na reli, maana wazee wengi humu waliijenga kwa mikono yao.

Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, shaba yake karibu yote ilikuwa ikipita kusini, katika nchi za walowezi. Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa bandia kule Rhodesia. Ndugu zetu wa Zambia wakawa kama mtu ambaye mlango wake wa pekee unafungwa kwa ufunguo wa adui. Reli ya kuja Dar es Salaam ikawa jambo la kufa na kupona. Lakini wataalamu wa Benki ya Dunia walikwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli hiyo haitalipa. Mwaka 1966 uchunguzi wa Waingereza na Wakanada ukaona kwamba inafaa kujengwa, lakini nani atoe fedha? Kimya. Wenye fedha hawakuwa na haja, na wenye haja hawakuwa na fedha.

Ndipo ikaja China. Mwalimu Nyerere alikwenda huko Februari 1965, na mazungumzo ya reli yakaanza. Mkataba ulitiwa sahihi Peking tarehe 5 Septemba 1967. Tukumbuke kwamba China ya siku hizo haikuwa China ya majumba marefu tunayoiona leo kwenye picha. Ilikuwa nchi ya wakulima, watu wake wengi wakivaa viraka. Hata hivyo ilitukopesha yuan milioni 988, bila riba hata senti moja. Kulipa kuanze mwaka 1983, na kuendelee kwa miaka 30.

Hebu tulipime neno hili “bila riba”, kwa sababu wengi hulisikia na kulipita. Chukua mkulima aliyekopa shilingi milioni 1 kwa miaka 20. Kila mwaka analipa riba tu, na mtaji anaurudisha mwisho. Kwa riba ya 2 kwa mia atatoa shilingi 20,000 kila mwaka. Ikifika mwisho ametoa 400,000 juu ya ule mtaji. Kwa riba ya 6 kwa mia atatoa 60,000 kila mwaka, na mwisho riba peke yake itakuwa 1,200,000. Riba imekuwa kubwa kuliko mkopo! Bila riba, anarudisha milioni yake ile ile. Kwa hiyo mtu akikwambia, “Nimekukopesha kwa urafiki,” muulize, “Urafiki wako ni wa ngapi kwa mia?”

Liko na jambo la pili, nalo ni la ujanja mwema. Reli haijengwi kwa chuma tu. Yatakiwa mishahara ya vibarua, chakula, mbao, saruji, na vitu hivyo hulipwa kwa shilingi na kwacha. China haikuwa na shilingi, na sisi hatukuwa nazo za kutosha. Basi ikakubaliwa kwamba tutachukua bidhaa za China kwa mkopo, tuziuze katika maduka yetu, na fedha zitakazopatikana zilipe gharama za humu. Wazee wanakumbuka bidhaa hizo zilivyojaa madukani. Wengine walizilalamikia, na wengine mpaka leo wana vyombo vyake kabatini.

Kazi ilianza Oktoba 1970. Kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kutoka Mlimba kuja huku kwetu ndiko kulikokuwa na kazi ya kiume: milima, mabonde, matope, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja. Waafrika walifanya kazi hiyo kwa makumi ya elfu, pamoja na Wachina. Wale wataalamu wao walilala kambini, wakalima mboga zao wenyewe, hawakudai majumba ya kizungu. Zaidi ya 60 kati yao walifia katika kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto mpaka leo. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Hayo ni mambo ya kweli, na mtu asiye na shukrani kwayo hana adabu.

Lakini hatukuja kusifu tu. Kama tungekuja kusifu tungeleta ngoma.

Reli hii ilijengwa ili ichukue tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuzifikia hata mwaka mmoja. Katika miaka ya mwanzo ilivuka kidogo tani milioni 1, kisha ikaanza kushuka, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani 100,000. Kwa nini? Zipo sababu za nje. Oktoba 1978 Zambia, kwa kubanwa na shida ya mbolea na shaba iliyorundikana, iliifungua tena njia ya kusini. Mwaka 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Chambeshi. Vichwa vya treni vya kwanza vililemewa na milima, ikabidi katika miaka ya 1980 viagizwe vingine Ujerumani Magharibi. Baadaye malori yakajaa barabarani, na hata shaba ikahamia huko.

Zipo pia sababu zetu wenyewe, na hizi hatupendi kuzitaja. Wachina walipokabidhi funguo, sisi tulidhani kazi imekwisha. Vipuri vilipoharibika, badala ya kuweka akiba ya kununua vingine, tulikwenda kuomba mkopo mwingine, na China ikatoa, mara nyingi, tena bila riba. Kila jambo kubwa lilitaka nchi mbili zikubaliane, nazo zikawa zinangojeana. Wafanyakazi wakakaa miezi bila mshahara. Sisi wenyewe tumewahi kungoja treni ya abiria hapa stesheni usiku kucha, na asubuhi tukaambiwa kichwa kimekufa njiani. Hakuna mkoloni wa kumsingizia hapo. Mkopo mzuri kuliko yote tuliyopata kuwa nayo, tuliuacha upate kutu.

Tunasema hivyo kwa sababu kuna watu wanaodhani kwamba akipatikana mkopeshaji mwema mambo yote yamekuwa mema. Si hivyo. Hata reli isiyo na riba ina deni, na deni hilo lilibidi liahirishwe mara kwa mara, na mwisho China yenyewe ikasamehe sehemu yake. Waswahili walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema kukopa kwa Mzungu tu.

Sasa tuje kwenye mikopo ya siku hizi, na tutoke kidogo nje ya mipaka yetu, kwa jirani.

Kenya ilikopa kwa Benki ya Exim ya China mwaka 2014 ili kujenga reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Mkopo ulikuwa wa sehemu mbili, kila moja kama dola bilioni 1.6. Sehemu moja ilikuwa na riba ya 2 kwa mia. Nyingine ilikuwa ya kibiashara: riba ya soko la London, na juu yake 3.6 kwa mia, kulipwa kwa miaka 15. Ndugu wanachama, hiyo riba ya soko hupanda na kushuka kama bei ya nyanya, na Mkenya hana uwezo wa kuizuia. Treni ilianza mwaka 2017, ikafika Naivasha mwaka 2019, na hapo fedha zikakauka kabla ya kuuona mpaka wa Uganda. Ili reli ipate mzigo wa kulipia deni, mizigo ya bandarini ikaamriwa ipakiwe kwenye treni. Mwaka 2019 wenye malori na watu wa Mombasa waliandamana barabarani wakilia kwamba riziki yao imechukuliwa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaitengua amri ile.

Tazameni tofauti. China ni ile ile, bendera ni ile ile, hotuba za undugu ni zile zile. Masharti siyo. Ya 1967 yalikuwa mkopo wa taifa maskini lililotaka marafiki. Ya 2014 yalikuwa mkopo wa benki inayotaka faida. Hatuwalaumu kwa kutaka faida. Benki zote ndivyo zilivyo. Tunajilaumu sisi tunaposikia neno “ndugu” tukaacha kusoma karatasi.

Na karatasi yenyewe iko wapi? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo. Mkataba wa Kenya ulikuwa na kifungu cha siri. Wananchi hawakuuona mpaka Novemba 2022, miaka minane baada ya kutiwa sahihi, ndipo sehemu zake zikatolewa hadharani. Humo wakakuta kwamba ugomvi ukitokea utaamuliwa Peking, kwa sheria za China. Kwa miaka yote hiyo uvumi ulikuwa umeenea kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani. Serikali ya Kenya ilikana, China ikakana, lakini nani angeamini, na karatasi imefungiwa kabatini?

Siri huzaa uvumi, na uvumi huu una wateja wake. Kuna watu wa nchi za Magharibi ambao hawakutupa hata reli ya kuchezea, nao leo wanatuhurumia sana, wanatuambia China inakwenda ikinyakua bandari za watu. Mfano wao mkubwa ni Hambantota, huko Sri Lanka. Ni kweli kwamba mwaka 2017 bandari hiyo ilikodishwa kwa kampuni ya Kichina kwa miaka 99, kwa dola bilioni 1.12. Lakini fedha hizo hazikufuta deni la China. Ziliingia katika akiba ya nchi, isaidie kulipa wadai wengine, na wengi wa wadai hao walikuwa wenye hati za mkopo katika masoko ya Magharibi. Basi tusiimbe nyimbo tulizotungiwa. Tusome wenyewe.

Jirani yetu mwingine, Zambia, amefundishwa somo hili kwa fimbo. Alikopa China kwa barabara, viwanja vya ndege na umeme. Alikopa pia katika masoko ya Ulaya na Marekani. Mwaka 2018 ukazuka uvumi kwamba shirika lake la umeme linachukuliwa na Wachina. Serikali ikakana. Novemba 2020 Zambia ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Ilipoomba muda, wenye hati wa Magharibi walikataa, wakisema hawajui ni kiasi gani wanadaiwa na Wachina na kwa masharti gani. Wataahirishaje wao ili wengine walipwe? Na baada ya uchaguzi wa Agosti 2021, serikali mpya ilipohesabu ilikuta deni kubwa kuliko lililokuwa likitangazwa. Mapatano na nchi zilizomkopesha, kwa dola bilioni 6.3, hayakufikiwa mpaka Juni 2023. Katika meza hiyo China na Ufaransa zilikaa pamoja kama wenyeviti. Mdai wa zamani na mdai mpya, bega kwa bega, wakimtazama mdaiwa. Wazee waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha walijua wanalosema, lakini angalieni vizuri: hawakusema halikuli.

Tusije tukamtaja China peke yake kama kwamba wengine ni malaika. Hapa Makambako na jirani zetu Njombe tumo katika ule mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ya ujenzi ilitiwa sahihi mwaka 2022. Fedha zake ni mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Maji tunayataka, na atakayesema tusiyatake aje achote mtoni na akina mama alfajiri. Lakini mikopo hii ya India ina desturi yake: kwa kawaida robo tatu ya bidhaa na huduma sharti zitoke India. Maana yake ni kwamba fedha zinatoka Delhi, zinazunguka, na nyingi zinarudi Delhi. Kwetu linabaki bomba na deni. Viwanda vya mabomba vipo nchini. Je, wajumbe wetu waliuliza kama mabomba yanaweza kununuliwa Dar es Salaam? Labda waliuliza. Hatujaambiwa, na haya ni maji ya kwetu.

Wazungu nao, msisahau, walikuwa na desturi hiyo hiyo kwa miaka mingi: chukua fedha zetu, ununue matrekta yetu. Aliyefunzwa na mwizi hujua kufungua kufuli.

Iko na hatari nyingine ambayo haimo hata katika masharti. Tunakopa dola, lakini tunavuna shilingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 dola moja ilipatikana kwa shilingi 7 na senti kidogo. Mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,500. Mkulima hakuongeza hata ekari moja ya deni, lakini magunia ya kulipia yanaongezeka kila shilingi inaposhuka. Mkopo wa kujenga kitu kinachouzwa nje, au kinachobeba vitu vya kuuzwa nje, unaweza kujilipa. Mkopo wa dola wa kujenga kitu kinacholeta shilingi tu, au kisicholeta kitu, tutaulipa kwa kahawa na korosho zilizokwisha kupangiwa kazi nyingine. Swali hili ni rahisi, mtoto wa darasa la saba analielewa. Huulizwa mara chache sana.

Sasa, nyumbani. Mwaka 2013 ulitiwa sahihi na watu wa China mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo, na baadaye watu wa Oman wakaingia kama wabia. Miaka sita ikapita. Juni 2019 ndipo Rais Magufuli aliposimama akasema mradi una masharti ya ajabu: dhamana ya miaka 33, ukodishaji wa miaka 99. Wengi tulishangilia kwamba ameyakataa. Vizuri. Lakini hebu tufikiri. Kama Rais asingeamua kusema siku ile, sisi tungejua lini? Tulijua kwa hisani yake. Haki ya mwananchi haiwezi kukaa juu ya hisani ya mtu mmoja, hata awe mwema namna gani.

Sheria ya mikopo na dhamana ya mwaka 1974 imempa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Bunge hupitisha bajeti na jumla ya fedha za kukopa, lakini kila mkataba wenyewe, na riba yake, na mahakama yake, na vifungu vyake vya siri, hauletwi lazima mbele ya wabunge kabla ya sahihi. Mwaka 2017 Bunge lilijitungia uwezo wa kupitia upya mikataba ya maliasili yenye masharti mabaya. Kama dhahabu ya ardhini inastahili kuangaliwa hivyo, jasho la watu litakosaje? Tunataka kila mkataba wa mkopo mkubwa usomwe Bungeni kabla ya wino, na uandikwe kwa Kiswahili. Mkopeshaji akisema sharti la siri halina budi kuwamo, aambiwe kwamba kwetu anayelipa ndiye anayesoma. China ya 1967 haikuona haya masharti yake kujulikana, na sababu yake ni wazi: yalikuwa mazuri.

Na jambo hili haliwezi kungoja. Mwaka 2025 nchi zetu mbili zilitiliana sahihi na kampuni ya Kichina juu ya reli hii hii inayopita nyuma ya soko letu: dola bilioni 1.4 za kuifufua, na kampuni kuishika kwa miaka 30. Huenda ni mapatano mazuri. Reli yahitaji kufufuliwa, na sisi tuliithibitishia dunia kwamba peke yetu tulishindwa kuitunza. Lakini nauli ya akina mama wanaoleta mchele na ndizi kutoka Mlimba itapangwa na nani? Treni ya abiria ya kawaida, ile inayosimama kila kituo, itabaki, au njia itaachiwa shaba? Vijana wetu watafundishwa kuendesha na kutengeneza, au watabeba mataruma tu? Mtoto aliyezaliwa mwaka huo hapa Makambako atakuwa na ndevu muda wa mkataba utakapokwisha.

Tumeandika barua kwa mbunge wetu tukiomba nakala ya mkataba huo, na maswali hayo tumeyaandika humo moja moja. Iko mezani kwa katibu. Wanaotaka kutia sahihi waje mbele sasa hivi, wazee kwanza. Na asiyeweza kuandika, wino wa dole gumba upo.